Durban: Kabla ya Kununua Nyumba Yenye Watu Ndani

Wengi wetu tunaosoma gazeti hili ni wapangaji. Tunalipa kodi Leicester, Toronto, Muscat au Minneapolis, na kila mwezi tunabana kidogo tukitumaini kwamba siku moja nasi tutaitwa wenye nyumba. Wengine wameshafika. Anapanga chumba kimoja Reading, na huku ana vyumba sita vya kupangisha Mbagala au Kisauni. Mtu huyohuyo asubuhi anamlalamikia mwenye nyumba wake kwa kupandisha kodi, na jioni anampigia simu mdogo wake awahimize wapangaji walipe.

Mimi ni muuguzi. Diploma niliipata nyumbani Tanga, shahada nikaisomea Uingereza, na huko ndiko ninakofanya kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Nina kikundi cha akiba cha watu saba, wauguzi na walezi wa wazee. Mwenzetu mmoja ameolewa Durban, naye ndiye aliyetuambia kwamba fedha tuliyokuwa nayo, ambayo Uingereza haitoshi kununua hata gereji, kule Afrika Kusini inaweza kununua fleti yenye kuona bahari. Sheria ya kule haimkatazi mgeni kununua nyumba. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na likizo, nikatumwa nikaone.

Uwanja wa ndege wa King Shaka uko kaskazini ya mji, katikati ya mashamba ya miwa. Ukishuka kuelekea kusini unapita kwanza Umhlanga, penye ofisi za vioo na maduka makubwa. Ofisi nyingi zilizokuwa katikati ya Durban zilihamia huko, na fedha zikazifuata. Kisha unaingia mjini kwenyewe: ufukwe mrefu, majengo ya ghorofa yaliyojengwa zamani kwa ajili ya watalii, na joto la Bahari ya Hindi linalokukumbusha nyumbani kabla hujafungua mkoba. Mtaa uliokuwa ukiitwa Point Road sasa unaitwa Mahatma Gandhi Road. Mwisho wake iko uShaka Marine World, iliyofunguliwa mwaka 2004, na pembeni yake majengo mapya ya fahari. Nyuma ya hayo mapya yamesimama yale ya zamani, rangi imebanduka, nguo zimeanikwa kila roshani.

Katika majengo hayo ya zamani unasikia Kiswahili. Kuna Watanzania na Warundi, lakini zaidi ni Wakongo wa mashariki, watu wa Uvira, Bukavu na Fizi. Wanawake wanasuka nywele na kuuza sombe, yaani kisamvu chetu, na wanaume wengi wanalinda magari maegeshoni, wamevaa vizibao vya rangi kali, wakitegemea sarafu za wenye magari. Wengi wana karatasi za hifadhi zinazohitaji kufanywa upya mara kwa mara. Ukienda kwa wakala wa nyumba na karatasi ya namna hiyo, bila hati ya mshahara, hupewi fleti. Kwa hiyo mtu mmoja mwenye karatasi nzuri anapanga fleti nzima, naye anawapangisha wengine chumba kwa chumba.

Fleti niliyotumwa kuiona ilikuwa hivyo. Vyumba viwili vya kulala, sebule iliyogawanywa kwa mbao, na roshani iliyofungwa ikawa chumba. Familia nne, kila moja ikilipa randi 1,800 kwa mwezi. Bomba la jikoni lilikuwa likivuja ndani ya ndoo. Dalali alikuwa kijana mchangamfu, akanieleza mpango pale pale koridoni. Bei ni randi 480,000, na hiyo ni bei ya nyumba tupu. Hawa wangetolewa kabla ya sisi kulipa. Tungepaka rangi, tungeweka vigae, kisha tungepangisha kwa siku kwa watu wanaokuja ufukweni. Usiku mmoja randi 900. Ukipata usiku 15 tu kwa mwezi, una randi 13,500 badala ya 7,200. Alisema maneno hayo kwa Kiingereza, na mama aliyekuwa akikuna nazi mlangoni hakuinua kichwa.

Nilimsalimu kwa Kiswahili. Akaacha mbuzi yake. "Weye ni wa kwetu?" akauliza. Nikamwambia natoka Tanga. "Karibu, dada yangu. Ikala." Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na dalali akasubiri nje. Mama yule alikuwa ameishi kwenye chumba kile miaka tisa. "Batoto banasoma hapa karibu," akaniambia, akionyesha kwa kidevu upande wa shule. Hakuniomba kitu. Aliniuliza tu kama mimi ndiye mwenye nyumba mpya.

Baadaye nilipiga hesabu. Chumba kimoja, randi 1,800, miaka tisa, ni karibu randi laki mbili. Tuseme laki moja na nusu, kwa kuwa miaka ya nyuma kodi ilikuwa chini. Mama huyu, kwa chumba chake peke yake, ameshalipa karibu theluthi ya bei ya fleti nzima. Si fedha yote iliyomfikia mwenye fleti, na jengo lina gharama zake. Hata hivyo, katika karatasi ya dalali hakuwemo kama mtu aliyelipa. Alikuwemo kama uchafu unaopaswa kuondolewa kabla ya kupaka rangi.

Kutoka dirisha la fleti ile unaona ng'ambo ya mlango wa bandari kilima cha Bluff. Mwenyeji wangu alinipeleka huko kesho yake, mahali panapoitwa Kings Rest, kwa sababu alijua Mtanzania yeyote atataka kupaona. Mwaka 1873 manowari ya Waingereza ilileta Durban kundi la kwanza la watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na makundi mengine yakafuata kwa miaka kadhaa. Wengi asili yao ilikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja, Durban iliwaita Wazanzibari. Walifungwa kwanza kwa mikataba ya kazi. Kisha wengi wakakusanyika Bluff, kwenye ardhi iliyoshikwa kwa ajili yao na wakfu wa Waislamu wa msikiti wa Juma wa Grey Street. Wakajenga, wakazika wafu wao, wakalea watoto kwa Kimakua na Kiswahili kidogo.

Mwaka 1950 ikapitishwa Sheria ya Maeneo ya Makundi, iliyogawa kila mji wa Afrika Kusini kwa rangi. Bluff ikawa ya wazungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali haikujua hata iwaite nani Wazanzibari hawa. Ikawaandika kuwa ni "Waasia wengine" na kuwahamishia Chatsworth, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wahindi waliokuwa nao wakihamishwa. Wajukuu wao wako huko mpaka leo.

Tukaenda pia Cato Manor, ambayo watu wenyewe huiita Umkhumbane. Iko nyuma ya mgongo wa Berea, kilomita chache kutoka katikati ya mji, na chuo kikuu kimesimama juu yake. Sehemu hii inatuhusu zaidi sisi wenye akiba, kwa sababu hadithi yake haikuanza na serikali. Ardhi nyingi ilikuwa ya Wahindi waliolima mboga. Waafrika walipoongezeka mjini na hawakuruhusiwa kujenga mahali pengine, wenye mashamba wakagundua kwamba kibanda kinalipa kuliko kabichi. Wapangaji nao wakapangisha wengine. Palikuwa na matope na choo kisichotosha, lakini mtu alitembea kwa miguu hadi kazini. Zaidi ya watu laki moja waliishi pale. Kuanzia mwaka 1958 walihamishwa, wengi wao hadi KwaMashu na Umlazi, mbali na kazi, na nauli ya basi ikaanza kula mshahara. Wenye mashamba nao wakanyang'anywa. Mwaka 1959 wanawake waliandamana, na Januari 1960 polisi tisa waliuawa katika ghasia. Ubomoaji haukusimama. Baada ya yote hayo, sehemu kubwa ya ardhi ile ikakaa miaka mingi ni majani matupu.

Najua kuna msomaji atakayesema: hiyo ilikuwa ubaguzi wa rangi, sisi tunanunua fleti moja kwa fedha halali. Ni kweli. Sisi hatuna bunduki wala tingatinga. Lakini kwa anayehamishwa, maswali ni yaleyale. Shule ya watoto iko wapi sasa? Nauli ni kiasi gani? Nani ananijua katika mtaa mpya? Sisi wauguzi tunayaona majibu. Dawa za kifua kikuu huchukua miezi sita, na za VVU ni za maisha, na zote huchukuliwa katika kliniki inayomjua mgonjwa. Mtu akitolewa ghafla Ijumaa, kinachokatika si usingizi wa usiku mmoja. Namba ya simu inabadilika, tarehe ya kliniki inapita, jeraha lililokuwa likifungwa kila siku mbili linakosa mtu wa kulifunga. Katika kazi yangu anwani ni sehemu ya tiba.

Afrika Kusini ilijifunza kutokana na historia hiyo, na sheria yake inafaa kujulikana na kila Mswahili anayeishi kule, mpangaji au mnunuzi. Kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka 1996 kinasema hakuna mtu atakayetolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuangalia hali yote inayohusika. Kimesema "mtu", hakikusema "raia". Sheria ya mwaka 1998, inayojulikana kama PIE, inataka mahakama ifikirie wazee, watoto, walemavu na familia zinazoongozwa na wanawake. Kumtoa mtu bila amri ni kosa la jinai. Na tangu enzi za sheria ya Kiholanzi iliyorithiwa kule kuna kanuni kwamba upangaji hutangulia ununuzi: ukinunua nyumba, umenunua na mikataba ya waliomo.

Kesi mbili zinasaidia kuelewa. Mwaka 2011, katika kesi ya Blue Moonlight, Mahakama ya Katiba ilisema mwenye mali Johannesburg halazimiki kuwapa watu makazi bure milele, lakini anaweza kulazimika kusubiri mpaka manispaa iwapatie mahali pa muda wale ambao wangebaki bila nyumba. Mwaka 2012, katika kesi ya Maphango, kampuni ilikuwa imenunua jengo Braamfontein na kuvunja mikataba ya wapangaji ili ipangishe upya kwa kodi kubwa zaidi. Mahakama haikukubali kwamba notisi iliyomo kwenye mkataba inamaliza mambo. Ilisema wapangaji wanaweza kwenda kwenye baraza la nyumba za kupanga, Rental Housing Tribunal, lipime kama kumtoa mtu kwa ajili ya kupandisha kodi ni haki. Baraza hilo lipo katika kila mkoa na halitozi ada.

Basi kwa nini watu wa South Beach wanatolewa kila mwezi? Kwa sababu sheria inamsubiri mtu aje kuiomba. Umeme unakatwa Jumatatu, kitasa kinabadilishwa Jumatano, na mwenye karatasi iliyokaribia kwisha anaogopa kusimama mbele ya afisa yeyote. Ghasia za Aprili 2015, ambapo wageni wengi Durban walilala kambini, hazijasahaulika. Dalali anapokuambia "hawa hawana shida kuwatoa", maana yake ni hiyo: wanaogopa.

Nyumbani nako tunayajua haya. Wapangaji wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, walitolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na nyumba zao zikabomolewa. Walitawanyika, wakapanga huku na kule kwa miaka mingi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majengo mapya kwa ajili ya kaya 644 za waliokuwa wakazi. Mtu anaweza kusema mengi kuhusu muda waliosubiri, lakini jambo moja lilihesabiwa: waliokuwepo walikuwa na orodha, na orodha ikaheshimiwa. Katika nyumba zetu za kupangisha, nani ana orodha?

Niliporudi tulikutana kwa simu, watu saba, saa tatu nzima. Mmoja alisema biashara si sadaka, na kama hatununui sisi atanunua mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasomesha wadogo zake watatu. Mwingine akasema fleti yenye familia nne na bomba bovu si salama, na kuiacha hivyo kwa jina la huruma ni kujidanganya. Alikuwa na haki. Nimeona nyumba za namna hiyo zikishika moto kwa sababu ya jiko la mafuta ya taa.

Tukaweka hesabu mezani wapangaji wakiwa ndani. Kodi ya 7,200 kwa mwezi ni 86,400 kwa mwaka. Ada za jengo na kodi ya manispaa zilikuwa kama 3,500 kwa mwezi, yaani 42,000. Inabaki 44,400. Kisha tukajiuliza jinsi ya kupunguza msongamano bila kumtoa mtu, tukakubaliana: atakayeondoka kwa hiari, nafasi yake haijazwi, mpaka zibaki familia tatu. Hapo inabaki 22,800 kwa mwaka, na bado hatujatengeneza bomba. Kwa bei ya 480,000 hiyo haifiki asilimia 5.

Hesabu ile ilituonyesha kitu ambacho mabishano hayakuwa yamekionyesha. Bei ya 480,000 haikuwa bei ya kuta. Sehemu yake ilikuwa bei ya kuondoka kwa watu wanne na watoto wao, na gharama hiyo wangeilipa wao, si muuzaji wala sisi. Nyumba inayolipa tu wakishatoka waliomo, unachonunua hapo ni kutoka kwao.

Tukatoa bei ya 400,000, fleti ikiwa na watu wake. Mkataba wa maandishi kwa kila familia, risiti kwa kila malipo, kodi isipande mwaka wa kwanza. Matengenezo chumba kwa chumba, na atakayelazimika kupisha mafundi alipiwe nauli na aandikiwe haki ya kurudi. Asiyelipa apangiwe namna ya kulipa, na ikishindikana twende mahakamani, lakini umeme na kitasa visiguswe. Mwenzetu yule wa biashara alichukua hisa yake akajitoa. Tuliachana kwa amani, ingawa simu zake sasa ni chache.

Muuzaji alikataa. Alikuwa na mtu wa kumpa 480,000, nyumba tupu.

Miezi miwili baadaye mama yule akaniandikia kwamba wamepewa karatasi, watoke mwisho wa mwezi. Kukataa kwetu hakukumlinda hata kidogo, na sitaki msomaji adhani mikono safi inatosha. Nilichoweza kumpa ni maarifa. Karatasi ya dalali si amri ya mahakama. Lalamiko likishafikishwa kwenye baraza, mwenye nyumba haruhusiwi kumtoa mpangaji mpaka uamuzi utoke au miezi 3 ipite, ilimradi kodi inaendelea kulipwa. Lawyers for Human Rights wana ofisi Durban inayosaidia wakimbizi. Familia tatu kati ya nne zilikwenda pamoja, zikiwa na risiti za mkono zilizokunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Umeme ulikatwa wiki moja, ukarudishwa. Ninapoandika haya bado wamo ndani, shauri halijaisha.

Fedha zetu bado ziko benki, na tunaendelea kutafuta, Durban na nyumbani pia. Kwa wewe unayetaka kutuma akiba yako, iwe South Beach, Tabata au Nyali, nina ombi dogo. Ukiambiwa nyumba iko tupu, uliza imekuwa tupu tangu lini, waliokuwemo wamekwenda wapi, na nani aliwalipia nauli. Muulize dalali, kisha usitosheke na jibu lake. Shuka chini umuulize muuza duka wa jengo lile. Huyo ndiye anayejua nani bado anamdaiwa unga, na alihama usiku gani.